Kijiti Ndani ya Samadi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliziua kabichi zangu za kwanza kwa samadi mbichi. Niliichota zizini kwa jirani yetu Msukuma ikiwa bado inafuka mvuke, nikaijaza kwenye mashimo na kupanda miche siku hiyohiyo. Wiki haikuisha, majani yakaungua.

Mama, mwenye lile shamba la bondeni kule Magamba, alinipa msimu mmoja tu. “Zikifa tena, napanda viazi vyangu.”

Jirani alicheka. “Yaani wewe! Hata ugali hatuli ukiwa bado unatokota.”

Basi nikairundika samadi kivulini pamoja na maganda ya maharage, nikawa nainyunyizia maji na kuigeuza. Katikati nilichomeka kijiti. Ukikichomoa kikiwa na joto, samadi bado inaiva, subiri. Kikitoka kimepoa, na samadi inanukia udongo wa mvua, panda bila wasiwasi. Hata wewe utaweza.

Msimu ule kabichi zilifunga vichwa vigumu. Mama alikibonyeza kimoja kwa kidole gumba, akakikata mwenyewe.

“Viazi nitapanda kule juu,” alisema.