Mbuzi wa Mama Kwenye Simu ya Kaka

Kaka yangu mkubwa yuko Nairobi, na tangu apate cheo amekuwa na bidii ya kumsaidia mama bila kuja nyumbani. Kutoka huko hadi Isiolo ni lami tupu, lakini ukimsikia akiieleza hiyo safari utadhani tunaishi mwezini. Basi badala ya kuja, alimtuma fundi wa kamera.

Fundi aliifunga kamera kwenye nguzo ya zizi, nyuma ya nyumba tunayoishi mama na mimi. Kisanduku cha intaneti ndicho kilichotusumbua. Kaka alitoa amri kwa simu: kipandishe, kishushe, hapana, kirudishe. Nilizunguka nacho nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi kikashika mtandao juu ya kabati la vyombo. Fundi akamtumia nywila, na sauti ya kaka ikatoka kwenye nguzo.

"Mama, nakuona."

Mama akaipungia nguzo mkono. Alifurahi, siwezi kumsingizia. Tangu siku hiyo akawa anaenda zizini na kitambaa chake cha kanisani kichwani.

Kumbe mwenzake alikuwa akitazama mbuzi. Jioni, walipokuwa wakiingia, nguzo ilianza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Mama aliziba masikio. Kwetu mbuzi hahesabiwi. Unamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake, na akipotea unajua ni nani hayupo. Kuhesabu mali ya mtu ni kuiitia balaa, na kaka alichapwa kwa kosa hilo kabla hajajua kusoma. Nilipomkumbusha, alinijibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mbuzi nao hawakuzoea nguzo inayosema. Kila kaka akifika katikati ya hesabu walitawanyika, naye akaanza upya, akikasirika huko aliko kwenye kiti cha kuzunguka. Halafu akanipigia simu.

"Mbuzi moja haiko. Ama mmeuza?"

Alikuwepo. Alikuwa amesimama chini ya nguzo yenyewe, mahali ambapo kamera haioni, akijikuna mgongo. Nilimwambia hivyo kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, kwa sababu neno "mmeuza" lilikuwa limemhusu mama pia, na mama alikuwa amelisikia.

Wiki hiyo mama alikuwa na homa. Alikuwa akienda zizini amejifunga blanketi, anakohoa, anashikilia ile nguzo ili asianguke. Nguzo ikaendelea kuhesabu. Jioni moja, kaka alipokata simu, mama aliniuliza polepole.

"Ameuliza mimi niko aje?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Hapana, mama. Ameuliza mbuzi."

Alichukua fimbo yake ya kuchungia, akaisukuma kamera shingo mpaka ikatazama upande mwingine, kwenye lango la kuingilia. Simu haikuchelewa kulia. Mama aliipokea mwenyewe.

"Mama, kamera imegeuka. Naona tu gate."

"Ni mimi nimegeuza," mama akasema. "Wewe chunga tu hiyo gate. Siku utaona mtu anafanana na wewe akiingia, unipigie."