Chumba cha Wazazi Nyuma ya Ploti

Sikujenga ploti yangu ili nisifiwe, na uzeeni sitaanza kuomba radhi. Mume wangu alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya sabini, aliniachia kiwanja mjini Kisii, msingi wa vyumba saba, na kaka yake. Shemeji huyo alikuwa amezoea kukizunguka kiwanja kana kwamba anakagua chai yake. Wazee wa ukoo kule Manga walikaa, wakaamua: nimalizie ujenzi kwa mshahara wangu wa ualimu, lakini mwaka ukiisha na kukabaki hata chumba kimoja kisicho na mtu, usimamizi wote uende kwa shemeji. Nikasema sawa. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinifaa kuliko machozi.

Kabla ya kuezeka nilikwenda kuwauliza wale watakaopanga wanataka nini. Jambo hilo lilichekesha watu sana. Muuguzi mmoja alisema hataki dirisha la kuelekea barabarani, maana akitoka zamu ya usiku hulala mchana. Nikamgeuzia dirisha. Mama aliyeleta ndizi kutoka Ekerenyo alitaka mlango mpana wa kupitisha mikungu, akaupata. Wasabato wote wangehitaji maji Ijumaa alasiri, kabla jua halijatua, na Wakatoliki wangefua Jumamosi, tena kwa nyimbo. Nikaweka mabomba mawili, na kamba za nguo nikazipeleka kando, ili mtu asitoke ibadani akapigwa usoni na shuka la jirani.

Aliyenitia mawazo ni mtoto wa shemeji mwenyewe, karani aliyekuwa ameoa majuzi na kuniomba chumba kimojawapo.

"Mama mdogo," aliniuliza, "baba akija mjini atalala wapi?"

Kwetu swali hilo si dogo. Baba halali nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Hata kuingia haingii. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, nayo haijali kama nyumba ni ya kupanga au ya kujenga. Niliwahi kuwaona wazee wakijikunyata kwenye baraza za maduka huku wana wao wana vitanda hatua kumi kutoka pale, kila mmoja akimwonea mwenzake haya. Iliniuma.

Nikamwambia fundi chumba cha saba akijenge nyuma, peke yake, kiwe na paa lake na choo chake. Fundi, mtu wa Kakamega, akaweka mwiko chini.

"Mwalimu, hii chumba ni ya nani?"

"Ya wazazi wa wapangaji."

"Na kodi italipwa na nani?"

"Hakuna kodi."

"Sasa wewe unajenga hasara."

"Changanya simiti," nikamwambia.

Shemeji alipopata habari alikuja mbio, akanisema mbele ya mafundi. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Basi tusubiri, shemeji," nikamjibu. "Tutaona ni guu la nani."

Mwaka ulipokaribia kwisha, vyumba sita vilikuwa na watu. Cha saba kilikuwa na vitanda viwili, blanketi zilizokunjwa, na hakuna mtu. Niliogopa, sikatai. Mwalimu mwenzangu alinishauri nimweke mpwa wangu humo mpaka wazee wapite. Nikakataa katakata. Sikutaka kushinda kwa uongo.

Wazee watatu walifika Ijumaa moja ya Desemba, shemeji akiwa mbele. Akausukuma mlango.

"Mnajionea wenyewe," akasema. "Kitupu."

Mzee mkubwa akanigeukia. "Hiki ni cha nani?"

"Ni chenu," nikasema. Walidhani nawakosea adabu, na labda kidogo nilikuwa nawakosea.

Kisha mvua ikashuka. Barabara ya Manga ikawa tope tupu, na basi halikuja. Jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia, na hao watatu walikuwa wazee wa kanisa. Vyumba vya wageni mjini vilikuwa juu ya baa. Shemeji akautazama mlango wa mwanawe. Mkamwana wake alikuwa ameshajifungia ndani kwa heshima. Shemeji hakupiga hata hatua moja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilileta maji ya kunawa, taa, na ugali wa wimbi niliokuwa nimeusonga mapema. Wazee wakaingia mmoja mmoja. Shemeji akabaki amesimama mlangoni, mabega yamelowa, mpaka mzee mkubwa akamwita: "Ingia, unatuletea baridi."

Asubuhi mzee alitoka akijinyoosha mgongo. "Tuliambiwa tuje kuona chumba kitupu," akasema. "Mimi nimekosa hata mahali pa kugeukia." Habari ya usimamizi hawakuigusa tena, siku ile wala baadaye.

Shemeji alikuwa ameinama kwenye bomba langu, ananawa uso. Nikamuuliza kwa sauti, wapangaji wote wasikie:

"Shemeji, guu limeamkaje?"