Aliyeniita Mtundu

Nimenyimwa kazi kwa neno moja tu, na aliyelisema ni mtu anipendaye.

Kaa kitako nikwambie, maana hasira bado ninazo.

Hoteli moja Kilifi ilikuwa inatafuta mpishi wa vyakula vya Kipwani. Mimi nimepika maharusini na Bi Mwanakombo wa Shela, Malindi, tangu nimalize shule. Kila nikijuacho jikoni kanifunza yeye. Basi walipotaka namba ya mtu wa kunisemea, nikawapa yake.

Rafiki yangu Pamela akanionya. "Mbeyu, mpigie kwanza. Mweleze ni kazi gani na nani atamuuliza."

"Aelezwe nini? Ananijua kuliko mamangu!"

Usaili ukaenda vizuri. Walionja mahamri yangu na mbaazi za nazi, sahani zikarudi nyeupe. Nikamwambia mama ajira ya kudumu tumeipata, vibarua basi.

Kisha Wanjira, dada wa ofisi ya hoteli ile, akapiga simu.

"Pole, hatutakuchukua. Mtu wako amesema una tabia mbaya."

"Amesemaje?"

"Amesema wewe ni mtundu. Tena mtundu sana! Hapa tuna wageni, dada. Hatutaki vurugu."

Lo! Nilitoka nyumbani na kandambili zangu, mbio mpaka Shela. Bi Mwanakombo alikuwa barazani anamenya vitunguu thomu. Shikamoo sikumpa.

"Una roho ya korosho wewe! Umenichongea! Unaogopa nikiondoka utapika na nani?"

Majirani wakachungulia madirishani. Bibi wa watu akaweka kisu chini.

"Nikuchongee mimi? Mwanangu, nilikusifu! Nilimwambia huyo ni mtundu, mpe nazi na unga tu, atakutolea vitu hujapata kuvila."

Nikaketi barazani.

Kwetu huku, fundi mtundu ni yule asiyekosa la kubuni. Wanjira kakulia bara, na mtundu amjuaye yeye ni mtoto mvunja vikombe.

Tukampigia palepale. Bi Mwanakombo akamfafanulia taratibu. Wanjira akacheka, akaomba radhi, akasema nafasi ameshapewa mtu mwingine.

Akacheka! Unatafuta mpishi wa Kipwani, unapiga simu Pwani, unaambiwa neno la Kipwani, halafu hata kuuliza "una maana gani, mama?" kunakushinda? Na mama yangu nimwambie nini?

Jamani, unapochagua mtu wa kukusemea, mapenzi pekee hayatoshi. Mwambie nani atampigia, na mkubaliane maneno ambayo huyo mpigaji atayaelewa. Mimi niliambiwa haya bure, nikaleta maringo.

Nikapiga magoti nikamwomba Bi Mwanakombo msamaha. Akaokota kisu, akarudi kwenye thomu zake.

"Nilimwambia yule dada wewe ni mtundu," akasema bila kunitazama. "Leo nimeuona na huo utundu aujuao yeye."