Nilivyoionja Linux Mpaka Ukumbi wa Mlandege Ukanicheka

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki nikaacha shule darasa la tatu nikaenda kubeba mbao Nyololo, na tangu hapo hakuna kilichonitisha, ila aibu ya kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu kabla ya harusi, hiyo nikiikumbuka mpaka leo najifunika blanketi.

Binti yangu Tumaini anafundisha kompyuta Iyunga, Mbeya. Kompyuta yangu ilikuwa imezeeka, inawaka kama inapanda mlima, akaniletea flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, za aina tatu, Ubuntu, Mint na Debian, zote za bure. (Mimi kitu cha bure nakikagua mara mbili.)

"Baba, ziwashe kutoka kwenye flashi uonje tu," akasema. "Ukiipenda moja niite tuisakinishe, ndipo itakaa ndani ya kompyuta."

Nimwite nani, mimi niliyejijengea nyumba? Nikaonja kama tunavyoonja ulanzi, pombe ya mianzi, kilabuni, kwa huyu kidogo, kwa yule kidogo, Mint ikanikaa, kila kitu mahali pake, na huko kusakinisha nikaona ni mbwembwe za wasomi. Nikaipiga picha albamu yote ya Tumaini kwa simu, nikahamishia picha humo, nikazifuta kwenye simu nafasi ipatikane, nikazipanga toka anatambaa mpaka anahitimu, kompyuta nikiifunika tu bila kuizima, maana nilishawatangazia wakwe kwamba maisha ya mtoto wangu nitayaonyesha mwenyewe, si mtu wa kukodi.

Siku ya kwenda Iringa kwenye sendofu nikaizima kompyuta vizuri kabisa.

Ukumbini Mlandege MC akanguruma, "Baba wa binti, uwanja ni wako!" Nikachomeka flashi, projekta ikawaka, Mint ile ile. Nikafungua folda, tupu. Nyingine, tupu. Mjomba wa bwana harusi akapaza sauti, "Kwani bibi harusi kazaliwa jana?" Ukumbi mzima kicheko.

Tumaini akaja akiburuza gauni. "Baba, uliisakinisha?"

"Niliionja."

"Jamani baba! Ya kuonja haitunzi kitu, ukizima inasahau yote!"

Jasho likanitoka kwenye baridi ile ya Iringa. Mke wangu akafungua mkoba wake, akatoa albamu yenyewe. "Nilijua," akasema, basi. Ikapita meza kwa meza, mimi na maiki nikisimulia kila picha, jino lile lililong'oka, sare ile niliyoishona kwa mkono, mpaka mjomba mwenye mdomo wake akaomba albamu irudishwe kwake aangalie tena.

Kesho yake nikakaa chini kama mwanafunzi, Tumaini akanielekeza, tukaisakinisha. Sitaonja tena kitu nikajiona nimeshakimiliki.

Leo nina mashine ya kupasua mbao, shamba la miti, nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe wawili wa maziwa, mkwe mmoja mwenye adabu, kompyuta yenye Mint iliyokaa, na albamu ambayo mke wangu haniruhusu kuishika.