Utani Uliomkalisha Lugembe

Mume wangu alikuwa na ukali wa jambo moja tu: mtu kumletea baiskeli iliyokwisha kufa. Hapo ungemsikia kutoka ng'ambo ya barabara.

"Gololi zilianza kulia lini?"

Mteja anajikuna kichwa. "Tangu masika, fundi."

"Tangu masika! Na wewe unapanda tu, hayo masikio ni ya kuning'inizia nini? Ungeileta ilipoanza kulia ningetia gololi mpya na grisi, ukaenda zako. Sasa ekseli imelika. Nikufanyie nini, nikuombee?"

Watu walimcheka, lakini walirudi. Mtaa wetu wote wa Ng'ambo, na wale wanaoleta mkaa na asali mjini kwa baiskeli, walimjua Lugembe fundi. Ni Mnyamwezi, alitoka Usinge akiwa kijana, akaiacha mizinga ya nyuki ya baba yake, akaja Tabora na pampu na spana. Mimi Marcelina alinikuta hapa hapa, akanioa kanisani, tukamzaa Shukrani na wadogo zake. Hakuwa mlevi, hakuwa mhuni. Alikuwa mtu wa kazi na mtu wa kucheka, na hicho kicheko ndicho kilichomponza.

Sasa nimtaje Kondo, maana bila yeye hakuna cha kusimulia. Kondo ni fundi cherehani, Mzaramo, baraza yake iko hatua chache kutoka kibanda cha Lugembe. Wazee wake walikuja huku na misafara ya enzi zile, wakaoa, pwani wakaisahau. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku hizo za kubeba pembe na shanga, na mtani hakasirikiwi. Mtani anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Mtani anakutukana mbele ya wakwe, na ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Kila asubuhi Kondo alikuwa akimwona Lugembe kainamia tairi, basi anapaza sauti: "Wewe mpagazi! Huo mzigo haujafika Bagamoyo tu?"

Na Lugembe anamjibu: "Tunakungoja wewe, mla nazi! Ulilala njiani!"

Ndivyo walivyoishi miaka yote.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Baba Shukrani akawa mtu wa kuamka amka usiku kwenda chooni, na akienda harudi upesi. Nikimuuliza, anasema baridi. Baadaye ikawa kosa la tandiko la baiskeli. Baadaye tena ikawa ngiri. Huku kwetu mwanamume akiumwa chochote chini ya kitovu ni ngiri, na ngiri haipelekwi hospitali, inapelekwa kwenye chungu. Akaletewa mizizi kutoka Ziba, akaichemsha, akainywa mpaka machozi yakamtoka. Mkojo ukabaki wa matone vilevile.

Jumapili moja, baada ya Misa, katekista akasimama kutoa matangazo. Alisema wataalamu wanakuja hospitalini kupima tezi dume, bure. Wanaume wote waliofika miaka hamsini waende, hata wasioumwa kitu, na ambaye baba yake au kaka yake aliugua ugonjwa huo asingoje hata hiyo hamsini. Akasema saratani hiyo ikikutwa bado changa inatibika. Niligeuka nikamtazama Lugembe upande wa wanaume. Alikuwa anatazama viatu vyake. Baba yake, mzee Masolwa, alikufa kule Usinge akilia kiuno na kushindwa kukojoa, na ukoo mzima ukasema amerogwa.

Sikumpa nafasi ya kupumua. Nilimwambia njiani, nikamwambia mezani, nikamfuata hadi kibandani nikamwambia katikati ya spoki na mipira.

"Baba Shukrani, kama hutaki kwenda kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu mimi ninayekusikia unavyougulia."

"Haya, mama, haya! Nitakwenda. Umenishinda."

Siku yenyewe nilimpigia pasi shati lake jeupe. Akapanda baiskeli akaondoka, nami nikabaki nachambua mchele huku nikisali. Alirudi kabla ya adhuhuri anapiga mbinja.

"Vipi?"

"Nimepima. Niko safi kabisa. Si nilikwambia ni ngiri?"

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Nikakamata jogoo nikamchinjia. Kweli kabisa, nilimchinjia. Akala firigisi yake, akasifu mchuzi, na mimi nikakaa pale namtazama anavyokula, nikamshukuru Mungu.

Mwaka ukapita nikiwa nimelala usingizi wa mjinga. Akikonda, nasema ni kazi. Akilalamika mgongo, namkanda kwa maji ya moto, maana mume wangu kapima na yuko safi. Mpaka asubuhi ile mkojo ulipogoma kabisa, tumbo likajaa, jasho linamchuruzika. Tukampakia kwenye bajaji tukamkimbiza hospitali. Wakamwekea mpira wa mkojo, akapata nafuu, wakamchukua vipimo. Siku ya majibu daktari mmoja kijana akatuita chumbani kwake, akamwamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu akauliza kama aliwahi kupimwa tezi dume.

Nikadakia mimi. "Amepima, daktari. Mwaka jana, walipokuja wale wataalamu."

Daktari akamtazama Lugembe. Lugembe akatazama ukuta.

"Sijapima," akasema. "Sijawahi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Daktari akatueleza polepole kwamba ni saratani, na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Akasema dawa za kuipunguza kasi zipo, na za maumivu zipo, ila kuiondoa sasa haiwezekani tena.

"Na ingekuwa mwaka jana?" nikauliza.

"Mama, siwezi kukuapia. Lakini mwaka jana tungekuwa na mengi ya kufanya."

Tulipotoka nje nilitamani kumzaba kibao. Mgonjwa wa watu, kashika mpira wake wa mkojo, nami nilitamani kumzaba kibao mbele za watu! Nikamuuliza siku ile alikwenda wapi na shati langu la pasi. Akakaa kwenye benchi, akanisimulia.

Alifika hadi barazani kwa Kondo tu. Kondo akamuuliza anakwenda wapi kapendeza hivyo siku ya kazi, naye, kwa ujinga wake wa kutomficha mtani kitu, akamwambia. Basi Kondo akaruka kutoka kwenye cherehani, akawaita wacheza drafti wa pale barazani.

"Jamani, njooni muone maajabu! Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka pwani bila kuinama, huyu leo anakwenda kuinamishwa na kitoto cha juzi kimtie kidole! Lugembe, ukitoka huko pita hapa nikupime, nikushonee gauni!"

Wote wakaangua kicheko.

"Na wewe ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikacheka na mimi. Ningefanyaje? Wakanisogezea kigoda, tukacheza drafti."

"Drafti!"

"Nilimfunga," akasema, na Mungu wangu, bado alikuwa na fahari kidogo usoni.

"Kesho yake je? Wale wataalamu walikuwapo wiki nzima. Kwa nini hukwenda kesho yake?"

"Njia ni ileile, Marcelina. Wangeniona."

Nilitaka kwenda kwa Kondo siku hiyohiyo nikamwagie maneno yote barazani kwake. Lugembe akanikataza. Alisema mtani hashitakiwi, na kwamba Kondo hakumfunga kamba. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinichoma kuliko kulia. Maana Kondo alikuwa akija kila siku kumwangalia. Anabeba maembe, anakaa kando ya kitanda, anamtania kwamba mpagazi kaona mzigo mzito kajilaza, na Lugembe anacheka huku ameshika mgongo, meno yameuma mdomo. Kondo hakujua kitu. Mimi nikawa napika uji huku nasaga meno.

Mvua zilipoanza, Baba Shukrani hakuweza tena kuvumilia hata shuka juu ya miguu. Akatutoka akiwa amemshika mkono Shukrani.

Msibani watani wana kazi yao, kila Mnyamwezi anajua. Wakati wa kutoa mwili Kondo akatokea amevaa ovaroli ya Lugembe yenye grisi, kofia yake kichwani, anakokota baiskeli yake. Akapiga magoti mbele ya waombolezaji, akalizungusha gurudumu, akatega sikio, kisha akapaza sauti ile ile ya marehemu, utadhani kafufuka:

"Gololi zilianza kulia lini?"

Watu waliokuwa wanalia wakacheka kwa machozi. Hata Shukrani alicheka. Kondo akajilaza mlangoni, kaziba njia, akasema mpagazi haondoki mpaka watani wapewe haki yao. Wanaukoo wakaanza kupapasa mifuko.

Nikasimama. Mjane hasimami saa ile, lakini mimi nilisimama.

"Kondo," nikasema, "na mimi ni mtani wako. Umeuliza swali, nikujibu. Gololi zilianza kulia mwaka juzi. Akavaa shati la pasi azipeleke kwa fundi. Akapita barazani kwako."

Kicheko kikakatika. Kondo akainua kichwa kutoka sakafuni.

"Shemeji, unasema nini?"

"Nasema hakufika. Uliwaita kina fulani waje waone maajabu, ukataka kumshonea gauni. Akakaa akacheza drafti, akaja kunidanganya kapima, nikamchinjia jogoo. Leo maajabu ndiyo haya, yamo sandukuni. Waite tena waje waone!"

Mzee mmoja akaniambia taratibu, mama, mtani hasemwi hivyo. Nikamwambia aniache, namtania.

"Unadai haki yako," nikamwambia Kondo. "Na mimi nadai yangu, na mtani hakatai. Matanga yakianuliwa, utavaa shati la pasi, utapita mbele ya baraza yako mchana kweupe, utakwenda kupima. Na mimi nitakuwa nyuma yako."

Kondo aliivua ile kofia. Hakuna aliyempa kitu. Aliinuka mwenyewe mlangoni, akajiegemeza ukutani ndani ya ovaroli ya mume wangu, na jeneza likapita mbele yake.

Matanga yalipoanuliwa sikumsahau. Nilikwenda kumchukua asubuhi, watu wote wa drafti wanatazama, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Hospitalini akaingia chumbani kwa daktari, nami nikakaa kwenye benchi, benchi lilelile. Sikuwa hata nimemaliza kuweka khanga sawa, akatoka. Mkono mmoja wa shati umekunjwa, kabana pamba kwenye kiwiko.

"Umekataa?" nikafoka. "Umewakimbia?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Wamenitoa damu." Aliitazama ile pamba kama kitu alichookota njiani. "Daktari anasema wanaanza na damu. Akiona haja ndipo anapapasa kwa kidole, na hiyo nayo haifiki dakika. Majibu nitaitwa." Akakaa kando yangu kwenye benchi. "Shemeji, ni damu tu. Kumbe ni damu tu!"

Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wagonjwa. Huruma haikunijia. Nilifikiria lile shati jeupe, na ile firigisi.

"Usiniambie mimi," nikamwambia. "Kaburi lake unalijua. Nenda kamwambie yeye."