Kitengo cha Mashine

"Stima ikipotea mtu ameshapasuliwa kifua, hiyo mashine yako itaendeshwa na nini?"

Aliyeniuliza hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa jenereta katika hospitali moja ya Migori nilikokuwa muuguzi, na mkononi alishika spana.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea kuendesha mashine inayoshika zamu ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Kamati ya mafunzo isiponipa likizo ya masomo kabla ya mwezi kuisha, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Afisa wa kamati alipekua orodha yake ya kazi, kuanzia madaktari hadi wapishi.

"Kazi yako haimo," alisema, kama anayenijulisha kwamba sikuwahi kuzaliwa.

Kwa kuwa fomu yangu ilitaja mashine, alinitia kitengo cha mashine, pamoja na jenereta, mitambo ya kufulia na friji la mochari. Na sheria ni sheria: mkuu wa kitengo lazima anipendekeze.

Nilikuwa na digrii. Nilikuwa na ahadi ya daktari mkuu: "Wewe usijali, dada, barua yangu nitaipeleka mwenyewe." Nilikuwa pia na mama, huko Homa Bay, aliyewatangazia akina mama wa kanisa kwamba bintiye anaacha kuponya watu ili akajifunze kuwasimamisha mioyo. Wakafunga na kuomba. Waliomba nifaulu au nianguke, sikuuliza.

Basi nikasimama mbele ya fundi, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo hicho.

"Kutakuwa na betri," nilijibu.

"Na betri ikifa?"

"Hospitali kubwa hazikosi stima, mzee."

Alicheka mpaka akaweka spana chini. "Nyathina, mwanangu, hata hapa wanaamini stima haikosekani. Ni kwa sababu mimi silali. Betri ikifa?"

"Sijui."

Chuo kikuu kilikuwa kimenifundisha kulikwepa neno hilo kwa kurasa tatu na marejeleo.

"Haya, nenda," alisema, akairudia jenereta yake. Niliondoka nikinung'unika kwamba mtu asiyejua moyo una vyumba vingapi ndiye hakimu wangu.

Likizo ilitoka siku mbili kabla ya nafasi kufungwa. Nilimpigia daktari mkuu kumshukuru, nikamwaga maneno matamu, naye akayapokea yote bila kurudisha hata moja. Chuoni, wiki ya kwanza, mwalimu alituonyesha mpini wa chuma: stima ikipotea na betri ikifa, unazungusha kwa mkono. Niliona aibu, ila kidogo tu.

Nilikuwa nimeshahitimu niliporudi Migori kuchukua nakala ya faili langu. Barua ya daktari mkuu haikuwemo, haikuwahi kufika. Pendekezo lilikuwa moja tu, kwenye karatasi yenye doa la grisi: "Hajui, na amekubali hajui. Mpeni likizo."