Upinde wangu mpya umeniumbua mbele ya wazee

Jamani, leo nimeuzwa mchana kweupe, tena na watu wangu mwenyewe!

Mnajua Meru nzima kwa mishale sina mpinzani. Mwaka huu tu nilikuwa nakosakosa. Nikajua ni upinde, umezeeka. Nikampa rafiki yangu Elifasi akaufanye kuni.

Juzi kaniletea mpya. Kamba mpya, ngozi nyeusi ya mbuzi pale pa kushikia, unang'aa!

Leo wazee wamejaa uani kwangu, tunalenga mgomba. Mshale wa kwanza, katikati. Wa pili, palepale!

Nikapaza sauti: "Mmeona? Kosa lilikuwa la ule upinde!"

Elifasi akacheka mpaka akakaa chini. "Baba Neema, ndio huohuo! Ngozi kashona mkeo."

Nikamgeukia mke wangu. Anaangalia mlima kama leo ndio kauona.

"Ukishika mpya unalenga kwa adabu," Elifasi akasema. "Ukishika wa zamani, unafyatua huku unapiga stori."

Kwa hasira nikafyatua tena, niwaonyeshe.

Mshale ukaingia banda la kuku.

Sasa semeni wenyewe: nimnunie nani kwanza, Elifasi, mke wangu, au huo upinde?